Maumivu Yasiyo na Jina: Majibu kwa Wasomaji Wanaosubiri Vipimo

Safari hii tumeziweka pamoja barua za wasomaji wa Mwanza na visiwani wanaoumwa kwa miezi. Wameshachukuliwa vipimo, na wengi wao bado wanasubiri majibu. Urefu wa majibu yetu haulingani, kwa sababu maswali yenyewe hayana uzito mmoja. Ila jambo moja linapita katika yote: unavyoishi katika siku hizi za kusubiri kunaweza kumsaidia daktari auone ugonjwa wako, au kuuficha.

Kabla hujasoma zaidi. Usisubiri majibu ya kipimo chochote ukiona mojawapo ya haya, nenda hospitali leo hii: mkojo au choo kinatoka bila wewe kujua, au mkojo umegoma kabisa, ganzi sehemu za siri na mapaja kwa ndani, mguu unaoishiwa nguvu, maumivu ya kifua pamoja na kukosa pumzi, choo cheusi kinachonata kama lami, homa inayorudi kila jioni huku unakonda na kulowana jasho usiku, mguu mmoja uliovimba ghafla. Mjamzito mwenye maumivu makali ya tumbo naye asingoje.

Swali. *Mwangaluka ndugu zangu wa dawati la afya. Nina miaka 41, naanika na kuuza dagaa Kirumba, nakaa Igogo juu mlimani. Huu ni mwezi wa nane tangu mgongo, mabega na nyonga vianze kuniuma. Eksirei ilitoka safi, damu ya kwanza safi. Wamechukua damu nyingine, nirudi baada ya wiki 3. Shemeji anasema nadeka, jirani anasema nimerogwa. Siku nikiamka na nafuu nafanya kazi zote zilizolala, kesho yake siinuki. Nitaishije mpaka hizo wiki ziishe? — Mama wa wawili, Igogo*

Dada yetu, pole sana. Tuanze na hiyo picha. Eksirei huonesha mfupa: uliovunjika, uliolika, uliopinda. Misuli, kano na mishipa ya fahamu haionekani vizuri humo. Kwa hiyo "picha safi" ina maana kwamba mfupa hauna hitilafu inayoonekana, basi. Haisemi kwamba huumwi.

Maumivu yakivuka miezi 3 huitwa sugu, na kufikia hapo mishipa ya fahamu yenyewe inaweza kuwa imebadilika. Fikiria kijiji kilichoibiwa ng'ombe mara tatu mfululizo. Sungusungu wake hupiga yowe hata mbuzi akipita vichakani. Yowe ni la kweli na watu wanaamka kweli, ingawa safari hii mwizi hayupo. Mwili unaouma muda mrefu huweza kufika hapo: mguso mdogo au uchovu wa kawaida unapokelewa kama jeraha. Inawezekana pia mwizi yupo na hajaonekana bado, ndiyo maana damu ya pili imechukuliwa. Kwa vyovyote vile hakuna kudeka hapo, na tunaomba shemeji asomewe aya hii.

Sasa hilo la siku ya nafuu kufuatiwa na siku ya kitandani. Hili ndilo kosa linalowaangusha wengi, na ndilo lililo mikononi mwako. Ukiachia maumivu yakuamulie lini uanze na lini uache, utafanya mno siku nzuri na utalala mno siku mbaya, na misuli inadhoofu huku na huku. Acha saa ikuamulie. Chukua kazi moja, mathalani kugeuza dagaa. Kwa siku 3, hesabu dakika kuanzia unapoanza mpaka maumivu yanapopanda kwa alama 2 kati ya 10. Tuseme umepata dakika 30, 20 na 25. Wastani ni 25. Usianze na 25, anza na 15. Tega simu iite dakika ya 15, na ikiita uache hata kama unajisikia vizuri. Hasa ukijisikia vizuri. Simama wima, tembea taratibu dakika 5, kisha rudi kwa dakika nyingine 15. Ukimaliza wiki nzima bila siku ya kitandani, ongeza dakika 2, na wiki inayofuata 2 nyingine. Siku ikiwa mbaya, punguza kidogo lakini usifute kabisa. Wengi huharibu wiki ya pili, kwa sababu wanaona wamepona na kuruka kutoka dakika 17 hadi saa nzima.

Na kazi yako inafuata mwezi. Wakati wa giza mitumbwi ya taa inaingia imejaa na wewe huna pumziko. Mbalamwezi ikiwa kamili wavuvi wanatulia. Wanawake wengi wa dagaa huzitumia siku za mbalamwezi kufua mablanketi, kupandisha maji na kupanga stoo, giza likirudi mwili umeshachoka. Zigawe kazi hizo, moja kwa siku. Na wiki ya giza ikikaribia, tafuta mapema mtu wa kukusaidia kugeuza, hata kwa malipo ya dagaa, usingoje mpaka uanguke.

Tazama pia unavyoinama. Kugeuza dagaa waliotandazwa mchangani kunaweza kukuumiza kuliko gunia, maana gunia unalibeba mara chache na kuinama unainama mara mia. Chanja, ile meza ya kuanikia, ndiyo dawa yake. Simama wima, mikono ikining'inia, pima kutoka ardhini hadi kifundo cha mkono: hicho ndicho kimo cha chanja yako, na kwa wanawake wengi kinaangukia sentimita 75 hadi 85. Upana usizidi sentimita 120, ili ufikie katikati kutoka kila upande bila kujinyoosha. Ukishindwa kujenga mpya, inua iliyopo kwa mawe, na mawe Igogo hayatafutwi. Faida ya ziada ni kwamba dagaa hawashiki mchanga.

Maji ya mlimani: ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya shingo, na njia ni ya kupanda. Beba madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, ukipumzika mahali ulipopachagua kabla hujaondoka nyumbani, si pale utakapozidiwa. Safari zitaongezeka, ni kweli. Ila zigawe asubuhi na jioni, na watoto wakiwa na umri wa kubeba dumu la lita 3, wapewe.

Usiku, lala ubavu ukiweka khanga iliyokunjwa nene katikati ya magoti ili nyonga isivutwe. Kabla ya kulala, kanda sehemu inayouma kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, dakika 15 hadi 20. Maji yawe ya joto ambalo kifundo cha mkono wako kinalivumilia. Maji yaliyotoka kuchemka hukunja chupa ya soda na kuunguza ngozi, na pale penye ganzi usikande kabisa, hutajua unaungua. Ukishtuka saa nane usiku na mawazo ya majibu, usipambane nayo kichwani. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, dakika 5. Yakizidi, amka uyaandike kwenye karatasi, uyapangie muda wa kesho, labda nusu saa baada ya chai. Na yakifika mahali pa kuona bora ufe, hilo nalo ni dalili ya hospitali leo hii. Mwambie mtu wa karibu usiku huohuo, usibaki peke yako.

Kuhusu jirani, hatubishani na imani ya mtu. Tunaomba mawili tu. Usichanjwe chale kwa wembe uliopita kwa mwingine. Na usinywe dawa za mizizi mpaka majibu yatoke, kwa sababu baadhi yake hugusa ini na figo, na damu yako ikionesha ini limeumia hakuna atakayejua kama ni ugonjwa au ni mizizi. Kukandwa kwa mikono taratibu hakuna tatizo, isipokuwa mguu uliovimba.

Swali. *Nimeambiwa majibu ya kinyama kilichokatwa begani yatachukua wiki 2 au zaidi, mwenzangu alipewa yake siku hiyohiyo. Kuchelewa huku ni dalili kwamba wameona kitu kibaya? — Msomaji, Nyakato*

Hapana ndugu. Muda unategemea aina ya kipimo. Malaria, sukari na mkojo hujibiwa siku ileile. Damu ya kuotesha vijidudu huangaliwa kwa siku 5 hivi kabla ya kuandikwa kwamba hakikuota kitu. Kifua kikuu kwa mashine ya jeni huchukua saa 2 hivi kikiwa tayari mashineni, lakini kukiotesha huweza kufika wiki 6 hadi 8, kwa kuwa mdudu huyo hukua polepole sana. Kinyama huloweshwa kwenye fomalini, hukaushwa maji yake, hugandishwa katika nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, hutiwa rangi, ndipo mtaalamu wa patholojia akitazame. Na mtaalamu huyo anahudumia hospitali nyingi. Wakati mwingine huomba rangi ya ziada, hapo siku zinaongezeka bila jambo lolote la kuogopesha.

Kinachostahili kukushughulisha ni sampuli kupotea au kuharibika, maana huweza kutokea. Damu ikiganda mahali isipotakiwa kuganda, au chembe zake zikipasuka njiani, utaitwa utolewe tena. Kuitwa huko si habari mbaya. Kabla hujaondoka dirishani andika mambo manne: jina la kipimo, namba ya sampuli, maabara ilikopelekwa, na tarehe ya majibu. Ikipita siku 3 baada ya tarehe hiyo, nenda au piga simu ukiwa na namba mkononi. Ukisema tu "nafuatilia majibu yangu", watakutafuta kwa jina, na Mwanza majina yanafanana.

Swali. *Naendesha bodaboda Buhongwa, miaka 28. Kiuno kinaniuma na maumivu yanashuka mguu wa kushoto, mwezi wa tano sasa. Nasubiri zamu ya MRI, ile picha ya ndani ya mwili kwa sumaku. Dukani wananifungia mchanganyiko kwenye bahasha: kidonge kidogo cheupe, kingine cha rangi ya waridi na kapsuli. Nikimeza napata nafuu siku 2, halafu narudi kununua. Niendelee? — Kijana wa Buhongwa*

Kaka, usiendelee kununua, lakini usikate leo bila kusoma hadi mwisho.

Dawa isiyo na jina kwenye bahasha haifai kumezwa. Kidonge kidogo cheupe katika michanganyiko ya namna hii mara nyingi huwa ni predinisoloni au deksamethasoni. Hizi ni dawa nzuri sana mahali pake, na ndizo zinazoleta nafuu ya haraka namna hiyo. Ila hupandisha sukari na chembe nyeupe za damu, na huzima dalili za uvimbe kiasi kwamba vipimo vya damu vinaweza kutoka vizuri wakati ugonjwa unaendelea. Kama chanzo chako kingekuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho huweza kumpata mtu asiyekohoa kabisa, dawa hiyo ingekipa nafasi ya kusambaa. Jiangalie: uso umekuwa wa mviringo, una njaa isiyoisha, hulali? Ukiwa umeimeza karibu kila siku kwa zaidi ya wiki 3, mwili umeshapunguza kutengeneza ya kwake. Ukiikata ghafla unaweza kutapika, kuishiwa nguvu na presha kushuka. Hapo ni kwa daktari, akupunguzie hatua kwa hatua. Nenda na bahasha yenyewe na vidonge vilivyobaki. Kama umemeza siku mbili tatu tu, acha.

Hicho cha waridi pengine ni diklofenaki, nasi tunalisema hilo kwa kukisia tu, na kukisia ndilo tatizo lenyewe. Diklofenaki kwa mtu mzima haizidi miligramu 150 kwa siku, yaani vidonge 3 vya 50, baada ya kula, na kwa siku chache. Haichanganywi na ibuprofeni, wala piroksikamu, wala meloksikamu, wala aspirini ya maumivu: zote ni ukoo mmoja, na mbili pamoja hazikupi nafuu mara mbili, zinakutoboa tumbo na kubana figo. Dereva anayeshinda juani bila maji figo zake ziko hatarini zaidi. Mwenye vidonda vya tumbo, presha ya juu, ugonjwa wa figo au mimba asiiguse bila daktari.

Cha kuanza nacho ukiwa unasubiri ni parasetamoli: vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 katika saa 24. Kama una uzito chini ya kilo 50, unakunywa pombe mara kwa mara au ini lako lina shida, 8 ni vingi kwako, muulize mfamasia kipimo chako. Soma maandishi ya pakiti pia. Vidonge vingine vya diklofenaki na dawa nyingi za mafua vina parasetamoli ndani yake tayari, na hapo ndipo watu huzidisha bila kujua. Nunua penye cheti cha famasi au duka la dawa muhimu, dawa ikiwa ndani ya pakiti yake yenye jina na tarehe ya kuisha.

Maumivu yanayoshuka mguuni kama shoti huwa hayasikii sana dawa hizi, usishangae. Daktari anaweza kukuandikia amitriptilini miligramu 10 hadi 25 usiku. Wengi wakisikia ni dawa ya sonona huona wameambiwa ni wagonjwa wa akili, wanaitupa. Kwa kipimo hiki kidogo hutumika kutuliza mishipa ya fahamu. Hujibu baada ya wiki 2 hadi 4, hukausha mdomo na huleta usingizi, kwa hiyo imeze saa 2 kabla ya kulala, na siku za kwanza usiendeshe mpaka ujue asubuhi unaamkaje.

Na pikipiki yenyewe: shuka kila baada ya dakika 30 utembee dakika 3, abiria wawili marufuku kwako kwa sasa, na upepo wa matairi uwe wa kipimo, tairi lililojazwa mno linapeleka kila shimo la barabarani kiunoni.

Swali. *Mimi ni mwalimu Magu. Kila nikiingia kwa daktari nasahau, naishia kusema "mwili wote unauma". Dakika 10 zimeisha. Niandike nini nyumbani?*

Mwalimu, shikamoo. Daftari la kurasa 48 linatosha. Andika mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, si kila saa. Anayejipima kila saa hufikiria maumivu kutwa nzima na huumia zaidi. Chora safu hizi: mahali, aina ya maumivu, namba, ulichofanya kabla, dawa na saa yake, saa ulizolala, na kwa mwanamke siku za hedhi, maana maumivu ya nyonga yanayofuata hedhi ni habari kubwa sana kwa daktari. Andika hata siku nzuri. Daftari la siku mbaya pekee humwonesha daktari nusu ya habari.

Namba zipewe maana, usiandike 10 kila siku. 2 ni maumivu unayoyasahau ukishughulika. 5, unafundisha lakini unakaa kila mara. 8, huwezi kuandika ubaoni. 10, huwezi hata kuongea.

Kwenye aina ya maumivu Kiswahili kinakupa utajiri, nawe mwalimu una haki ya kuutumia. "Kuuma" peke yake halimwambii daktari kitu. Yanayowaka, yanayochonyota kama chumvi kwenye kidonda, yanayopiga kama shoti, au kutambaa kama sisimizi pamoja na ganzi, hayo huelekeza kwenye mishipa ya fahamu. Yanayopwita sawasawa na mapigo ya moyo huelekeza kwenye uvimbe, usaha au aina fulani za kichwa kuuma. Yanayosokota na kuachia, kisha yakarudi, ni ya utumbo, mirija ya mkojo au kizazi. Yanayokaza na kuvuta, yakilegea ukikandwa, mara nyingi ni misuli. Kiungo kinachoamka kigumu na kuchukua zaidi ya nusu saa kulegea kinasema jambo tofauti na kinachouma jioni baada ya kazi: cha kwanza hutiliwa shaka ya uvimbe wa viungo, cha pili kuchoka au kulika. Na maumivu ya mfupa yanayokuamsha usiku hata umelala tuli yasikose kutajwa.

Usiku wa kuamkia kliniki, fupisha daftari kuwa mistari mitano kwenye karatasi moja: yalianza lini na wapi, yakoje, nini huyaongeza na nini huyapunguza, yamekuzuia kufanya nini, dawa zote ulizomeza, za mitishamba zikiwemo. Chini yake ongeza mambo ya huku kwetu ambayo daktari anaweza asiulize. Unakunywa maziwa mabichi, au ulisaidia ng'ombe kuzaa? Bruselosi, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba, humletea mtu homa za kupanda na kushuka, jasho, maumivu ya kiuno na viungo, na matibabu yake si ya siku 5, ni wiki 6 au zaidi. Unaoga au kufulia ziwani? Nyumbani kuna mtu mwenye kifua kikuu? Katika ukoo kuna selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu?

Mlangoni usianze na mwili wote. Anza na mahali pabaya kuliko pote, pashike. Kama unapagusa kwa kidole kimoja au unapazungushia kiganja kizima, daktari anasoma hilo pia. Na usitoke bila kuuliza: mnatafuta ugonjwa gani, kipimo hiki kitauonesha au kuukanusha vipi, na nikizidiwa kabla ya tarehe niende wapi? Kama kusimama darasani kunakushinda, omba ED (karatasi ya daktari ya kupunguziwa kazi) ya kazi nyepesi kwa maandishi, isiwe ya kulala kitandani wiki nzima. Kulala mfululizo kunakaza mgongo.

Swali. *Mwanangu wa miaka 7 analia miguu usiku. Amechukuliwa damu ya selimundu, bado majibu. Nimpe nini? — Mama Kisesa*

Mama, angalia asubuhi. Mtoto anayeumwa miguu yote miwili, kwenye misuli, jioni au usiku, kisha asubuhi anakimbia bila kuchechemea, huwa ni maumivu ya ukuaji, hayana madhara. Anayechechemea, aliyevimba kiungo, anayeumwa mguu mmoja tu kila siku au mwenye homa, huyo arudishwe hospitali.

Mpaka majibu yatoke mlee kana kwamba anayo: anywe maji mara kwa mara kutwa nzima, asicheze ziwani jioni penye upepo wa baridi, avae soksi usiku, akandwe kwa kitambaa cha joto, barafu isitumike. Parasetamoli kwa mtoto wa kilo 20 ni nusu ya kidonge cha miligramu 500 kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Aspirini asipewe kabisa. Homa ya nyuzi 38.5, kupauka ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto, kifua kuuma, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea, ni safari ya usiku huohuo, msisubiri kuche. Kama aliongezewa damu ndani ya miezi 3 iliyopita, iambie maabara: damu ya mtu mwingine huweza kuyapotosha majibu.

Swali. *Mvuvi, Ukerewe. Tumbo linaniuma miezi, choo kilipimwa kichocho mara moja hakikuonekana. Ninunue vidonge ninywe tu?*

Rudi upimwe tena kwanza. Mayai ya kichocho hayatoki sawasawa kila siku, na kipande cha choo kinachowekwa chini ya darubini ni kidogo sana, hivyo choo cha siku moja hukosa mara nyingi. Peleka cha siku 2 au 3 tofauti. Kipo pia kipimo cha mkojo kwa kichocho cha utumbo, ulizia. Ukikutwa nacho, prazikwanteli hutolewa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo: mtu wa kilo 60 humeza vidonge 4 vya 600 baada ya kula, bila kutafuna, ni vichungu mno. Kununua viwili kwa kukisia kunaweza kubakiza wadudu na kukuacha ukiamini umepona.

Swali. *Majibu yangu yote yametoka. Yote "kawaida". Naumwa vilevile. Sasa? — Ilemela*

Omba nakala, zihifadhi katika bahasha moja kwa mpangilio wa tarehe. Mtu asiye nazo hurudishwa mwanzo kila anapobadilisha hospitali, akilipia damu ileile mara ya tatu. Kisha muulize daktari yale yaliyokanushwa ni yapi kwa majina. Kujua kwamba si saratani ya mifupa wala si kifua kikuu kunabadilisha namna unavyoweza kuutumia mwili wako: maumivu ya kutembea hayatakuwa tena ishara kwamba unajivunja.

Baada ya hapo omba upangiwe matibabu ya maumivu yenyewe, hata kama hayana jina. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dawa ya mishipa ya fahamu ikihitajika, usingizi, na ule mpango wa dakika tuliomwandikia dada wa Igogo, vyote huanza bila kungoja jina. Anza na kutembea dakika 10 mahali tambarare mara mbili kwa siku, si kwenye mawe ya mlimani, uongeze dakika 1 kila baada ya siku 3.

Na uombe tarehe ya kurudi, iandikwe kwenye kadi: miezi 2 au 3, hata kama hakuna kipya. Magonjwa mengine ya viungo huchelewa kujitokeza kwenye damu, na daktari aliyekuona Machi ataona mwezi Juni kilichobadilika, ukiwa na daftari lako.